Mchwa Nyumbani: Jinsi ya Kuwatafuta na Kuwazuia

Leo napenda kuzungumza nanyi habari ya mdudu mdogo, laini, ambaye aghalabu ni kipofu, naye hula nyumba hali mwenyewe amelala ndani yake. Mdudu huyo ni mchwa.

Nitaanza kwa jambo lililonipata mimi mwenyewe. Nyumba yangu iko pembezoni mwa mji wa Dar es Salaam. Kuta zake ni za matofali ya sementi, na paa lake ni la bati. Nalijiona salama, maana nalidhani mchwa ni taabu ya nyumba za miti na udongo tu. Siku moja nalihitaji hati ya kiwanja. Nikavuta sanduku la mbao lililokuwa uvunguni mwa kitanda, nikalifungua. Karatasi za juu zilikuwa nzima, lakini za chini zilikuwa zimegeuka udongo. Vyeti vya shule vya watoto wangu wawili vilikuwa vimeliwa, na hati yenyewe imebaki nusu. Haya nitakayowaambia nalijifunza baada ya hasara hiyo.

Kwanza, yatupasa kumjua adui. Mchwa hawali matofali wala sementi. Chakula chao ni kile kiini cha miti kilichomo katika mbao, karatasi, nguo za pamba na nyasi kavu. Lakini hupita katika ufa mwembamba sana wa sakafu, au kando ya bomba linalopenya ukutani, wakakifikia chakula hicho. Mwili wao hukauka upesi katika hewa na jua. Kwa hiyo husafiri gizani, na palipo wazi hujijengea vijia vya udongo uliolowa. Mbao huila kwa ndani, wakaacha ganda la nje pamoja na rangi yake. Ndiyo sababu mlango huonekana mzima mpaka siku bawaba inapong'oka.

Pili, dalili zao. Mvua za kwanza zinaponyesha, kumbikumbi huruka kwa wingi na kuifuata taa. Hao ndio mchwa wenye mbawa, nao hutafuta mahali pa kuanzisha makao mapya. Kuwaona nje si ajabu. Lakini ukiwaona wakitoka katika sakafu au ukuta wa nyumba yako, jua kwamba makao yao ni karibu. Tazama msingi wa nyumba nje na ndani, uone kama kuna vijia vya udongo. Gonga miimo ya milango na mbao za dari kwa mpini wa bisibisi; ubao ulioliwa hutoa sauti ya kitu kitupu. Tena wako mchwa wa mbao kavu, hasa huku pwani, wasiohitaji udongo kabisa. Hao hujulikana kwa chembe ndogo kama mchanga zinazodondoka chini ya kabati au boriti. Kagua hivi mara mbili kwa mwaka.

Tatu, habari ya fundi. Mimi nalimwita mtu wa kwanza kwa sababu bei yake ilikuwa ndogo. Alinyunyiza dawa juu ya ukuta kwa muda wa robo saa, akapokea fedha, akaenda zake. Hakuuliza neno, wala hakutazama darini. Baada ya miezi mitatu mchwa walirudi. Fundi wa pili alikagua kwanza kila chumba, akanionyesha mahali bomba la bafu lilipokuwa likivuja na kulowesha udongo, akaniambia nilitengeneze kabla ya lolote. Ndipo akatoboa matundu sakafuni kando ya ukuta, akaingiza dawa udongoni chini yake, akayaziba. Maana dawa haina budi kukata njia ya mchwa katika udongo. Kuwaua wachache walio ukutani hakuleti faida.

Basi, kabla ya kumlipa fundi, mwulize maswali haya: Mchwa hawa ni wa aina gani? Dawa yako yaitwaje, na je, chombo chake kina karatasi yenye jina na namba ya usajili? Kisima changu kiko umbali gani na mahali utakapoitia? Watoto na kuku wakae nje muda gani? Katika Tanzania dawa hizi husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Na katika Kenya, na bodi iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1982. Dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda, msiikubali. Zamani watu walitumia sana dieldrin na aldrin. Lakini sumu hizo hukaa katika udongo na katika mwili kwa miaka mingi, na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ulizipiga marufuku. Vilevile kumwaga oili chafu ya magari kuzunguka msingi ni kuharibu udongo na maji yenu wenyewe.

Nne, kuzuia ni rahisi kuliko kutibu. Anayejenga na atie dawa katika udongo kabla ya kumwaga zege. Ng'oeni visiki, wala msifukie vipande vya mbao chini ya sakafu. Kuni ziwekwe mbali na ukuta. Maji ya mvua yasituame penye msingi. Mkiweza, chagueni mbao ngumu kama mvule au mninga, nanyi mtumie kiini chake, si ile sehemu nyeupe ya nje. Na karatasi zenu za thamani zitieni katika sanduku la bati, mbali na sakafu.

Wazee walisema, bandubandu huisha gogo. Mchwa hufanya kazi hiyo usiku na mchana, wala hana sikukuu. Basi jioni hii, kabla hamjalala, chukueni taa, mtazame uvunguni mwa vitanda vyenu. Kwaherini.