Mali ya Umma Kabla ya Siku ya Msiba

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote; na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu, mlio misikitini na mlio majumbani mkitusikiliza:

Kila masika yanapoingia, twaomba mvua ya kheri, nasi twajua kwamba upepo na maji vyaweza kuwa msiba. Tarehe 15 Aprili 1872, katika mwezi wa Safar mwaka 1289 wa Hijra, dhoruba kubwa iliipiga Unguja. Mikarafuu na minazi iling'oka mashambani, na merikebu za Sayyid Barghash zikavunjika bandarini. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa. Je, tuseme watu wa Unguja walikuwa waovu kuliko ndugu zao wa Pemba? Hasha! Siri ya msiba aijuaye ni Mwenyezi Mungu. Sisi tutaulizwa juu ya yaliyo mikononi mwetu: mali ya watu tuliitumia katika nini?

Natuitazame mali iliyotumika baada ya dhoruba ile. Mwaka 1878 iliundwa Uskochi merikebu Glasgow, iwe badala ya zilizopotea. Tarehe 27 Agosti 1896 ikazamishwa na mizinga ya Waingereza, katika vita visivyotimia saa moja. Mwaka 1883 lilijengwa Beit al-Ajaib. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka, wakafariki watu wawili, Mwenyezi Mungu awarehemu. Lakini Sayyid Barghash alifanya na jambo la tatu: alivuta maji ya chemchemi kwa mabomba mpaka mjini, mji ambao mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua maelfu ya watu wake. Hatusemi kwamba jumba la fahari ni haramu. Twasema lina zamu yake, na zamu ya kwanza ni ya uhai wa watu.

Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, alipokabidhiwa hazina za Misri hakungoja njaa ibishe hodi. Aliweka akiba katika miaka saba ya neema, na kwa akiba ile wakaokoka wenyeji na wageni.

Ndugu zetu, mtaro uliozibuliwa kabla ya masika hausifiwi na mtu, kwa kuwa msiba uliozuiwa haukuonekana. Mchele na mablanketi yanayogawiwa baada ya mafuriko husifiwa na wote. Huo ndio mtihani wa mwenye kushika hazina: kutoa mali mahali pasipo na makofi.

Nasi wa majumbani tusijitoe. Taka tuzitupazo mtaroni ndizo zinazoyageuza maji yaingie chumbani kwa jirani. Na mwenye kukopa kwa ajili ya arusi hali paa lake linavuja, mizani yake imepinda kama ya mtawala mbadhirifu.

Nanyi wanafunzi, mtakaoshika kesho hesabu za nchi, jizoezeni tangu leo kuuliza: ni nani atakayedhurika iwapo fedha hii haikutolewa?

Ewe Mola wetu, tukinge na misiba, uwape viongozi wetu uadilifu na macho ya kuona mbele, na utujaalie tuwe waaminifu wa amana. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.