Mgeni Anapoingia Ibadani

(Mada iliyotolewa kwa kamati za sharika na marafiki wa kazi, Shirimatunda, Moshi)



Tunamshukuru Mungu aliyetukutanisha hapa Shirimatunda. Mada tuliyopewa ni hii: mgeni atarajie nini anapokuja ibadani kwetu? Tunajua baadhi yenu mlipoiona kwenye ratiba mlijiuliza inahusiana nini na matangi ya maji, vikundi vya kuweka na kukopa, na ada za watoto yatima. Tunaomba mtuvumilie kidogo. Karibu kila mradi tulioufanya pamoja ulianza na mtu aliyeingia mlangoni siku ya Jumapili akapokelewa. Na ipo miradi iliyotushinda ambayo ukiifuatilia utakuta nayo ilikwama hapo hapo mlangoni.

Mgeni wa kwanza

Mlima wetu una historia ndefu ya wageni wa kanisa. Mwezi Mei 1848 Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na shirika la misioni la Kianglikana, CMS, alifika Uchaggani kwa miguu kutoka Rabai karibu na Mombasa, akiwa na mwavuli mkononi. Kule Kilema, Mangi Masaki alimpokea vizuri. Mwaka uliofuata alirudi, safari hii akiwa na mizigo ya bidhaa iliyokusudiwa kumfikisha Unyamwezi. Mangi Mamkinga wa Machame akazichukua bidhaa zile kidogo kidogo kwa jina la zawadi, hata mgeni akabaki hana kitu na kulazimika kurudi pwani. Kazi ya Kilutheri ilikuja kuanza Machame mwaka 1893, wamisionari wa Leipzig walipofika. Kwa hiyo Machame ile ile iliyomrudisha mgeni mikono mitupu ndiyo iliyokuja kuwa mlango wa Injili.

Hatusemi haya kuwalaumu mababu zetu. Mangi alifuata desturi yake: mgeni mkubwa huleta zawadi. Mgeni naye alikuwa na mpango wake, na hesabu za watu hawa wawili hazikukutana. Tukiyatafakari haya tunaona kwamba mgeni haumizwi na desturi zetu zenyewe. Anaumizwa na desturi ambazo hakuna aliyemweleza. Na hilo halikwisha mwaka 1849.

Mambo atakayokutana nayo

Kwa faida ya marafiki ambao Jumapili hii itakuwa ya kwanza kwao, tueleze kwa ufupi. Sharika nyingi za mjini zina ibada mbili au zaidi. Ya kwanza huanza mapema asubuhi, na mwenye safari au zamu kazini huenda hiyo. Ya pili ndiyo yenye watu wengi na kwaya nyingi, na ndiyo ndefu. Asiwepo wa kuwaambia kwamba ni ya saa moja. Hesabuni saa mbili na zaidi, na siku ya Kipaimara au sikukuu ya mavuno msipange jambo jingine kabla ya mchana.

Ibada huendeshwa kwa Kiswahili. Huko juu mlimani mtasikia pia wimbo wa Kichagga, na wazee huuimba kwa moyo wote. Nyimbo zipo katika kitabu cha liturgia. Washarika wengi huja na chao, na jirani atakushirikisha chako ukikosa. Mtasimama, mtaketi, mtasimama tena. Mtazameni aliye mbele yenu, hamtapotea. Kwaya zitakuwa kadhaa: kwaya kuu, ya vijana, ya akina mama. Pengine mtasikia matarumbeta, urithi uliokuja na Walutheri wa Ujerumani na ambao vijana wetu wameufanya kuwa wao kabisa. Mavazi yawe ya heshima tu. Kanga safi ni vazi la ibada sawa na suti.

Siku ya Chakula cha Bwana, mgeni wa kanisa lingine amwone mchungaji au mzee wa kanisa kabla ya ibada. Hakuna aibu katika kuuliza, wala hakuna atakayeshangaa ukibaki kitini. Katika mlima huu tumezoea kuishi pamoja: Kibosho, Kilema na Rombo Wakatoliki ni wengi, Machame Walutheri ni wengi, na familia nyingi zina pande zote mbili. Majirani zetu Waislamu nao huketi nasi kwenye ndoa na misiba. Mgeni ibadani si jambo geni kwetu. Na mwezi wa Desemba, wana wa Kilimanjaro wanaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kwingineko, wageni na wenyeji huchanganyika hata husemi nani ni nani.

Sadaka na mnada

Hapa ndipo wageni wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo tukae kidogo.

Sadaka kwetu haipitishwi kimya kimya kwenye viti. Watu huinuka safu kwa safu, wakaenda mbele wakiimba. Kuna sadaka ya kawaida, kuna bahasha za ahadi ambazo kila msharika ana yake yenye namba, kuna shukrani, na mara nyingi kuna ya jengo. Mgeni asiye na bahasha asidhani amekosea. Na asiye na kitu mkononi aende mbele na wenzake au abaki kitini, yote ni sawa. Tunalisema hili kwa sauti kwa sababu tumekutana na watu wengi, hasa wapangaji wapya hapa mjini, wanaokaa nyumbani Jumapili kwa sababu moja tu: hawana cha kutoa.

Baada ya ibada kuna mnada nje ya kanisa. Asiye na fedha ameleta alichonacho: mayai, kuku, maziwa, parachichi, mkungu wa mshare. Mwendesha mnada hutania, watu hucheka, bei hupanda. Mkungu huweza kununuliwa, mnunuzi akaurudisha, ukauzwa tena. Rafiki mmoja aliyetutembelea aliona yai likinunuliwa kwa bei ya trei nzima, akatuuliza kwa upole kama watu wanaonunua yai kwa bei hiyo kweli wanahitaji msaada. Lilikuwa swali la haki, nasi tulistahili kumweleza kabla hajauliza. Mnada ni njia ya kumfanya bibi aliyeleta mayai matatu awe mtoaji kamili. Kiasi kinachoongezeka juu ya bei ya sokoni ni sadaka ya mnunuzi. Mgeni akipenda anunue. Asipopenda acheke na wenzake.

Mama aliyeondoka

Sasa tuseme jambo lililotufanya tuichague mada hii.

Katika mojawapo ya sharika tulizozitembelea, ambayo hatutaitaja, alikuja mama kijana mwenye mtoto mchanga. Alikuwa amehamia mjini kutoka mkoa mwingine, amepanga chumba. Alihudhuria Jumapili mbili, akakaa nyuma, hakuna aliyezungumza naye. Jumapili ya tatu, wakati wa matangazo, wageni waliombwa wasimame na kutaja usharika waliotoka. Alisimama. Akaulizwa, mbele ya kanisa zima, kama amekuja na barua ya uhamisho. Hakuwa nayo. Akaambiwa ailete, kisha zikasomwa namba za bahasha ambazo hazijarudi. Aliketi, akamfunga mtoto mgongoni, akatoka kabla ya wimbo uliofuata.

Aliyeuliza hakuwa na nia mbaya. Barua ni utaratibu, na utaratibu una sababu zake. Lakini wakati ule ule ofisi yetu ilikuwa ikiandaa orodha ya watoto wadogo wa kupatiwa uji wa lishe katika mitaa ile. Tuliiandaa namna gani? Tuliomba majina kutoka kwa viongozi wa mitaa ya usharika, nao wakaandika wanaowafahamu. Mama yule hakuwa akifahamika na mtu. Miezi kadhaa baadaye jirani yake, mama wa Kiislamu, alikuja ofisini akiwa amembeba mtoto yule mikononi. Alikuwa na utapiamlo mkali. Alilazwa hospitali, na kwa neema ya Mungu alipona. Lakini tulijua, na daktari alituambia, kwamba wiki chache zaidi zingetosha kumpoteza.

Ndugu zetu, kosa lile hatuwezi kulitupia usharika peke yake. Lilikuwa letu pia. Tulikuwa tumejenga mradi mzima juu ya daftari la washarika, kana kwamba njaa nayo huomba barua ya uhamisho. Tangu hapo tumebadilisha utaratibu: majina hutafutwa nyumba kwa nyumba, pamoja na viongozi wa serikali ya mtaa na majirani wa dini zote. Hata hivyo mlango wa kwanza unabaki kuwa kanisa. Mtu mwenye shida aliyehamia mahali asipojulikana, mara nyingi Jumapili ndiyo siku pekee anayojaribu kubisha hodi.

Mgeni wa kiti cha mbele

Upo upande wa pili. Mtume Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, anawaonya wanaompa mwenye pete ya dhahabu kiti kizuri na kumwacha maskini asimame. Sisi tunaokaribisha wafadhili tujipime hapo. Wageni kutoka Ulaya na Marekani tunawaweka mbele, tunawavika kanga, tunawaimbia. Hilo si baya. Ubaya unaanza tunapowapa kipaza sauti na kusubiri ahadi.

Tulishuhudia mgeni akiulizwa madhabahuni kama atasaidia tangi la maji. Akajibu kwa lugha yake kwamba atalipeleka ombi kwa wenzake. Mkalimani, kwa furaha, akasema tangi limepatikana. Kanisa likapiga vigelegele. Usharika ule ulijenga msingi wa tangi kwa michango yao wenyewe na kusubiri miaka miwili. Mgeni naye kule kwao hakujua kwamba kuna watu wanaomwita mwongo. Walipokuja kuelewana, imani ilikuwa imekwisha kupasuka, na kuiunga kulituchukua muda mrefu kuliko kulijenga tangi.

Usalama wa wanaokuja

Jambo la mwisho ni zito. Tarehe 1 Februari 2020, hapa hapa Moshi, katika uwanja wa Majengo, watu 20 walipoteza maisha kwa kukanyagana walipokuwa wakisongamana kukanyaga mafuta ya upako kwenye mkutano wa maombi. Wengi wetu tulikuwa na jirani au ndugu aliyekuwepo. Hatulitaji kumhukumu mtu. Tunalitaja kwa sababu kila kamati inayoalika umati, iwe ni mkutano wa Injili au ibada ya Krismasi, inabeba roho za watu. Milango ya kanisa ifunguke yote. Njia zisizibwe kwa viti vya plastiki. Wawepo wahudumu wanaojua wazee, wajawazito na watoto watatokea wapi.

Tunayowaomba

Kwa kamati za sharika tunaomba mambo manne:

1. Wachaguliwe watu wawili au watatu wa kupokea wageni kila ibada, tena wakae nyuma, maana mgeni mwenye shida hukaa nyuma.

2. Anayetaka kujitambulisha ajitambulishe, anayetaka kunyamaza aachwe, na maswali ya barua na bahasha yaulizwe ofisini, kwa faragha.

3. Mgeni mpya atembelewe nyumbani na jumuiya ya mtaa wake ndani ya wiki mbili. Tusiende na fomu. Twende na salamu.

4. Kabla ya sadaka na mnada, mtu aeleze kwa maneno machache kinachofanyika.

Kwa marafiki wafadhili tunaomba mawili tu. Njooni ibadani kama waabuduo wenzetu, na mkiombwa kusema, toeni salamu. Habari za miradi tuzizungumze mezani siku ya kazi, kwa maandishi, pande zote zikielewa. Na mkitaka kujua kama usharika unafaa kushirikiana nao, msitazame namna unavyowapokea ninyi. Kaeni nyuma Jumapili moja mtazame unavyompokea anayekuja na kandambili.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tulizoea kulifikiria neno hilo kwa ajili ya mgeni mwenye mzigo. Mtoto yule aliyepona anatufundisha kulisoma upya. Leo anakimbia, na mama yake anaimba katika kwaya ya akina mama ya usharika mwingine. Ni yeye aliyetuomba tuwaambie habari hii, bila jina lake, ili mama mwingine asitoke kabla ya wimbo kwisha.

Mungu awabariki, na aibariki kazi ya mikono yenu.