Hotuba ya Mwenyekiti: Unga Wetu Ujulikane Unakotoka



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kutufikisha miaka kumi tukiwa pamoja.

Akina mama wenzangu, akiba na mikopo yetu ndiyo iliyotuwezesha kusaga unga wa lishe. Leo unaliwa Shinyanga, Kahama, hadi kwa wachimbaji wa Geita. Mama anayemkorogea mtoto uji kule hatujui sisi. Anasoma karatasi tuliyobandika kwenye mfuko, basi. Karatasi hiyo lazima iseme kweli.

Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 wakafariki kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Sumu hii hutokana na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri. Haionekani kwa macho, na kuipika hakuimalizi. Na unga wetu ni mahindi na karanga hizo hizo.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi. Lebo itaje vyote vilivyomo, uzito, anwani yetu, tarehe ya kusagwa na mwisho wa kutumika. Karanga zisifichwe, maana wapo zinaowadhuru. Kila usagaji uwe na namba yake kwenye mfuko na kwenye daftari: mahindi ya nani, karanga za nani, siku gani, mifuko mingapi, kauziwa nani. Mfuko uliopitwa na tarehe usibandikwe lebo mpya.

Wapo wanaosema daftari ni usumbufu. Haya, tuseme gunia moja limeleta madhara. Bila namba tutarudisha unga wote, na aliyeleta mahindi safi atapata hasara sawa na aliyeleta mabovu. Hasara hiyo inakula hisa zetu sote. Tukiwa na namba, tunaurudisha usagaji ule mmoja, mapema, kabla watoto wengine hawajaunywa uji.

Tangu 2019 usalama wa chakula unasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Alama yao haibandikwi mpaka tupewe kibali. Lakini tusingoje mkaguzi ndipo tuandike.

Fedha zetu tunazihesabu mbele ya wote na kuziandika, wala hakuna anayenuna. Unga nao tuuandike vivyo hivyo.

Umoja wetu oyee!