Shilingi Inakatwa Wapi? Hatua za Bajeti, Kaya na Biashara Ndogo

Mada kwa semina ya viongozi wa VICOBA na vikundi vya wajasiriamali

1. Utangulizi

Kila Juni, Waziri wa Fedha akishasoma bajeti Dodoma, mtaani huulizwa: nini kimepanda? Mada hii inaongeza swali la pili: shilingi inakatwa wapi, na mkononi mwa nani?

2. Tozo ya miamala ya simu

Tozo hii ilianza 15 Julai 2021. Kila muamala wa kutuma au kutoa pesa ulikatwa kati ya sh. 10 na sh. 10,000, mbali na ada ya kampuni ya simu. Kwa sheria ya kodi ya mapato, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi sh. milioni 4 kwa mwaka hatozwi. Tozo haikujali kiwango hicho. Mama lishe alikatwa alipomtumia muuza mchele pesa, hata wiki aliyopata hasara. Kijana aliyemtumia bibi yake matumizi alikatwa wakati wa kutuma, na bibi akakatwa tena kwa wakala. Waliochoka walirudi kwenye fedha taslimu, na wakala anayeishi kwa kamisheni akapungukiwa.

Malalamiko yalisikika. Septemba 2021 tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30. Julai 2022 kiwango cha juu kilishushwa hadi sh. 4,000, ila miamala ya benki nayo ikaguswa; makelele yakaleta nafuu nyingine Oktoba. Bajeti ya 2023/24 ikafuta tozo ya kutuma.

Tukumbuke pia upande wa pili: fedha hizo zilielekezwa kwenye vituo vya afya na madarasa, ambavyo ni vyetu.

3. Kodi ya jengo kupitia LUKU

Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye umeme: sh. 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na sh. 1,500 tangu Julai 2023. Kwa mkusanyaji ni rahisi, hakuna kufukuzana na wadaiwa. Lakini mita haimjui mwenye nyumba. Anayenunua umeme ndiye anayekatwa, na mara nyingi huyo ni mpangaji. Mwenye saluni ya chumba kimoja hujikuta akilipia kodi ya nyumba isiyo yake.

4. Mafuta na saruji

Bajeti ya 2023/24 iliongeza sh. 100 kwa lita ya petroli na dizeli, na sh. 1,000 kwa mfuko wa saruji wa kilo 50. Muuza nyanya hapewi risiti ya ongezeko hili. Analiona kwenye nauli ya mzigo, na mteja wake kwenye bei ya fungu.

5. Mapendekezo

- Kila kikundi kiandike makato ya miamala kama gharama ya biashara.
- Mpangaji akubaliane na mwenye nyumba, kwa maandishi, kodi ya jengo ipunguzwe kwenye pango.
- Maoni yapelekwe Kamati ya Bunge ya Bajeti kabla Muswada wa Sheria ya Fedha haujapitishwa. Julai ni kuchelewa.
- Serikali ipime kila tozo mpya kwa mtu wa kipato cha chini kabisa itakayemgusa.

6. Maswali ya majadiliano

Ni makato gani yamebadilisha namna kikundi chenu kinavyolipana? Je, mna kumbukumbu za kuyathibitisha mbele ya Kamati?