Mtoto wa Pili Akichelewa
Msikilizaji, umeshazaa, lakini mimba ya pili haishiki. Nendeni hospitali, mke na mume pamoja. Kuwa na mtoto mmoja hakuonyeshi kwamba mbegu za baba au mirija ya uzazi ya mama bado ni mizima.

Daktari akishauri kupandikiza mimba, mama hudungwa sindano za homoni ili mayai kadhaa yapevuke. Mayai hutolewa, hurutubishwa maabarani kwa mbegu za baba, kisha kiinitete, yaani yai lililorutubishwa, huwekwa kwenye mfuko wa uzazi. Baada ya wiki mbili hivi, mama hupimwa mimba. Huenda isishike mara ya kwanza. Jamani, mama asilaumiwe!

Mmejaribu mwaka mzima? Au miezi sita, na mama ametimiza miaka 35? Nendeni mkapimwe. Wote wawili.