Kwa Baiskeli Urambo

Msikilizaji wa Urambo, njia unayopita kwa baiskeli iko katika nchi ya safari za kale. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo aliifunga barabara ya misafara kati ya Tabora na Ujiji, wapagazi wakalazimika kuzunguka. Leo iko wazi. Vijia vya porini vinapanuka kadiri tunavyovipita, na asubuhi, jua halijawa kali, kuendesha chini ya miombo ni raha ya kweli. Nauli hulipi, na mwili unapata mazoezi.

Ukiingia barabara ya lami, kaa kushoto. Nyoosha mkono kabla ya kukata kona. Jaribu breki kabla hujapanda, hasa ukibeba gunia kwenye keria. Usiku washa taa mbele, na nyuma weka kiakisi mwanga, dereva wa lori akuone mapema.