Misa Safarini: Funika Mabega, Funika Magoti

Msikilizaji, ni Jumapili na uko safarini. Umepanda matatu hapa Sotik, unaelekea Kericho, Kisii, au hija ya Subukia. Njiani utaingia Misa. Je, umevaaje?

Kumbuka jambo moja: mabega yafunikwe, magoti yafunikwe.

Hakuna anayekudai suti. Nguo ya kawaida iliyofuliwa inatosha. Mungu hapimi bei ya kitambaa, ingawa jirani yako kwenye benchi huenda akapima.

Dawa ni leso. Itie kwenye mkoba, juu kabisa, si chini ya mizigo. Ukishuka, jifunge kiunoni au jitande mabegani. Sweta pia inafaa, na kwa baridi ya asubuhi za huku kwenye majani chai, utaihitaji tu.

Kina mama huuliza: na kichwa? Sheria ya zamani ya Kanisa Katoliki iliwataka wafunike. Sheria mpya, ya mwaka 1983, haikulirudia sharti hilo. Ukipenda kitambaa, jifunge. Usipopenda, ingia.

Wanaume, ninyi ndio wasahaulifu. Vua kofia mlangoni, hata marvini. Kaptula ya mpira ibaki mkobani.

Na hata ukifika Roma, kwenye Basilika ya Mtakatifu Petro, walinzi wanaangalia yaleyale: mabega na magoti. Asiyejifunika huzuiwa mlangoni.

Narudia: mabega yafunikwe, magoti yafunikwe. Jumamosi jioni, kabla hujafunga mkoba, tia leso.